UZI: Nani anamchagulia mwanao kitabu cha darasani? Niliyoyaona kwenye kamati ya vitabu Ohio

Chaki Nyeupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za kulalamikia vitabu vya shule, nikaona na mimi nilete ya huku niliko. Nafundisha darasa la pili katika mji mmoja wa Ohio, Marekani. Mji siutaji wala wilaya ninayofanyia kazi, kwa hiyo wapelelezi mpumzike. Nilikaa kwenye kamati iliyochagua vitabu vya kusoma kuanzia chekechea hadi darasa la tano, na sasa nimewekwa tena kwenye ya hisabati. Naeleza ya kwanza ilivyokwenda, nanyi mniambie kwenye ya pili niangalie nini.

Kwanza mjue huku hakuna TET, yaani hakuna chombo kama Taasisi ya Elimu Tanzania cha kuandaa kitabu cha nchi nzima. Serikali ya Washington imekatazwa na sheria kupanga shule zifundishe kwa kitabu gani. Katazo hilo liko kwenye sheria ya elimu ya 1965, na walipounda wizara ya elimu 1979 wakalikazia tena. Kauli ni ya majimbo. Kama 20 hivi, Texas, California na Florida zikiwemo, yana orodha ya jimbo, na hata hapo kila moja lina namna yake: California jimbo linaishia darasa la nane, sekondari za juu zinajichagulia zenyewe. Majimbo mengine yameziachia wilaya za shule.

Na wilaya ya shule msiifikirie kwa DC na mkurugenzi wa halmashauri. Ni mamlaka inayojitegemea, ina bodi yake iliyopigiwa kura na wakazi, na sehemu kubwa ya pesa yake ni kodi ya nyumba za hapo hapo. Nchi nzima ziko kama 13,000, Ohio pekee zaidi ya 600. Mitaa miwili imetenganishwa na barabara, watoto wa huku wanasoma hiki na wa kule wanasoma kile, na hakuna wa kumuuliza mwenzake.

Ohio ilikuwa kati ya zile za "jichagulieni". Mwaka 2023 bunge la jimbo likachomeka kwenye sheria ya bajeti kwamba kusoma kufundishwe kwa kufuata sayansi ya kusoma, yaani sauti na herufi hatua kwa hatua badala ya kukisia. Wizara itoe orodha, na kuanzia mwaka wa masomo 2024/25 kila wilaya itumie kilichomo. Pesa ilikuwa dola milioni 168: milioni 86 za mafunzo ya walimu, 64 za vitabu na vifaa, 18 za wakufunzi wa kuzunguka mashuleni. Huo mgawanyo ushikeni.

Kisa chenyewe ni kwamba kwa miaka mingi shule nyingi Marekani zilikuwa zinafundisha mtoto kukisia. Akikwama kwenye neno aangalie picha, aangalie herufi ya kwanza, ajiulize neno gani lingefaa hapo. Mtoto anaona picha ya mbwa mdogo, maandishi yanasema "dog", yeye anasoma "puppy" na mwalimu anampongeza kwa kuelewa maana. Nimeyaona kwa macho yangu. Darasa la pili anaonekana msomaji hodari, ukifunika picha kwa kiganja anakutazama tu. Jopo la taifa la kusoma lilishasema mwaka 2000 kwamba mtoto afundishwe sauti na herufi hatua kwa hatua, pamoja na kusoma kwa ufasaha, msamiati na ufahamu. Miaka zaidi ya 20 ikapita, watu bado wanauza vitabu vya kukisia na wilaya zinanunua.

Naendelea chini.

---

Jongoo wa Mbeya

Nawahi siti ya mbele. Ila mkuu usije ukatoweka katikati ya uzi kama wenzako.

---

Chaki Nyeupe

Sitoweki. Tuendelee.

Kamati ilikuwa na walimu wa kila darasa, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, mwalimu wa wanaojifunza Kiingereza, wakuu wa shule wawili, wazazi, na afisa manunuzi. Tukapewa fomu ya alama yenye vipengele vingi mno. Nani alitunga vile vipengele? Vingi vilinakiliwa kutoka wilaya jirani, nao waliviokota kwa muuzaji. Hilo tumelijua tukiwa tumeshajaza nusu.

Halafu ikaja siku ya wauzaji. Kila kampuni ina saa yake, wanakuja na begi za kitambaa, kalamu, skrini kubwa na mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kubembeleza anayesema "nilikuwa kama ninyi". Utaona wimbo, utaona katuni, utaona mtoto kwenye video anasoma bila kukwama. Ukitoka hapo unataka kununua vyote.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa darasa la kwanza, amebakiza kidogo astaafu. Hakuangalia skrini hata kidogo. Alikaa na juzuu za mwongozo wa mwalimu, akafungua katikati ya mwaka, wiki yoyote iliyomjia mkononi. Akaandika pembeni sauti zote ambazo mtoto atakuwa ameshafundishwa kufikia wiki hiyo. Kisha akafungua kitabu cha hadithi cha wiki hiyohiyo na kuanza kupigia mstari kila neno ambalo mtoto hawezi kulisoma kwa sauti alizonazo. Programu moja (huku ndivyo tunavyoita seti nzima ya vitabu na miongozo) iliyokuwa na nyota zote kwenye matangazo, ukurasa wake ulijaa mistari. Wiki ya kufundisha "sh", hadithi ina neno moja la "sh", mengine yote mtoto akisie. Yaani jalada limebadilishwa limeandikwa sayansi ya kusoma, ndani ni yaleyale.

Tukaiga. Kila mtu akapewa wiki yake na kalamu nyekundu. Jioni moja ya kazi hiyo ilitufundisha kuliko mawasilisho yote.

Jambo la pili lilikuwa muda. Ratiba yetu ya kusoma ni dakika 90 kwa siku. Nikachukua somo la Jumanne la darasa la pili la programu mojawapo, nikajumlisha dakika walizoziandika wenyewe pembeni: 145. Nikamuuliza muuzaji niache nini. Akajibu, "Wewe ndiye mtaalamu wa darasa lako." Kwa lugha nyingine, wamejaza kila kitu ili kila mjumbe wa kamati aone kile anachokipenda, kisha mwalimu apambane nacho Jumatatu.

---

BabaWawili

Hapo kwenye begi za kitambaa na kalamu ndipo nilipokuwa nasubiri. Huku tunaita chai. Mkuu tuambie ukweli, hakuna aliyepewa bahasha?

---

Chaki Nyeupe

Bahasha sikuiona. Kuna sheria za maadili kwa watumishi wa umma na afisa manunuzi wetu alikuwa mkali, hata mikate ya muuzaji ilirudishwa kwenye gari. Lakini ushawishi si lazima uwe bahasha. Kampuni inakupa vitabu vya kuandikia vya mwaka wa kwanza bure. Vile vitabu mtoto anaandika ndani, mwaka unaofuata vimekwisha, na sasa unanunua kwa bei yao. Au sehemu ya mtandaoni ni leseni ya miaka sita. Siku ikiisha, walimu wanafungua kompyuta asubuhi hakuna kitu. Kwenye kamati wengi wetu hatukuuliza bei ya mwaka wa tatu, tuliona ya mwaka wa kwanza tukafurahi. Afisa manunuzi ndiye aliyeuliza, na karatasi ya bei ikabadilika sura palepale.

---

Takwimu Tu

Uzi mzuri, ila niwaharibie kidogo. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walilinganisha vitabu vya hisabati vya darasa la nne na la tano katika majimbo sita ya Marekani. Wakatazama watoto wanavyopanda mwaka hadi mwaka kwa kitabu wanachotumia. Hawakuona kitabu kilichowazidi wenzake kwa kiasi cha maana. Sasa kama kitabu A na kitabu B vinafika palepale, kamati yenu inalipwa kwa kazi gani?

Na usiniletee EdReports, lile shirika la huko linalokagua vitabu vya shule. Wale walianza 2014, wanapima kwa rangi, kijani ni nzuri, nyekundu ni mbaya. Mwanzoni walikuwa wakali kwenye hisabati hadi wachapishaji wakapiga kelele. Baadaye kwenye kusoma wamelaumiwa kwa kuzipa kijani programu nene zilizobeba kila kitu, hizohizo za dakika 145 unazozilalamikia.

---

Chaki Nyeupe

Takwimu Tu, ripoti hiyo nimeisoma na umeisoma nusu. Walimu haohao waliulizwa wamepata mafunzo kiasi gani ya kile kitabu. Wastani ulikuwa siku moja hivi kwa mwaka. Na wengi hawakukifuata mwanzo hadi mwisho, walichanganya na karatasi zao na vya mtandaoni. Kwa hiyo utafiti ulichopima ni vitabu vilivyonunuliwa, ambavyo si lazima viwe ndivyo vilivyokuwa vinafundishwa. Mimi nasema hiyo ni hoja ya kununua mafunzo, wewe unasema ni hoja ya kuvunja kamati.

Ndiyo maana niliwaambia mshike mgawanyo wa Ohio. Mafunzo milioni 86, vitabu 64. Sijawahi kuona serikali inaweka pesa ya mwalimu juu ya pesa ya kitabu. Walimu wengine walilipwa hadi dola 1,200 kwa kumaliza kozi. Mississippi nayo, waliopitisha sheria yao 2013 wakiwa karibu na mkia wa taifa kwenye kusoma darasa la nne, 2019 wakafika wastani wa taifa. Watu wanapenda kutaja kile kipengele cha kumrudisha mtoto darasa la tatu asipojua kusoma. Wanasahau kwamba walipeleka wakufunzi kwenye shule dhaifu na kuwasomesha walimu upya kabla ya kuhangaika na kitabu gani.

Kuhusu EdReports tunakubaliana. Tulizitumia ripoti zao kupunguza orodha tu, kisha tukafungua vitabu wenyewe.

---

Mhariri wa Nairobi

Hamjambo wadau. Nimefanya kazi ya uhariri wa vitabu vya shule miaka mingi, niwapeni upande wa pili wa meza.

Takwimu Tu anazungumzia Harvard, ilhali utafiti mkali zaidi ulifanyiwa kwetu, Busia na Teso, kuanzia 1996. Shule 25 zilipewa vitabu rasmi vya serikali kwanza, zikalinganishwa na zilizosubiri. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin waliuandika ukachapishwa 2009, na Kremer huyo ndiye aliyepata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na wenzake. Matokeo? Wastani wa darasa haukupanda. Waliofaidika ni watoto waliokuwa mbele tayari. Wengine vitabu viliwapita juu ya kichwa, kwa kuwa vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa mtoto wa kule Kiingereza ni lugha ya tatu. Kitabu kilitungwa kikimlenga mtoto wa mjini ambaye mzazi wake pia alisoma.

Kwa hivyo Mwalimu, kwenye hisabati yako, usijaribishe kitabu na darasa lako bora. Kipeleke kwa watoto wale wa nyuma kabisa. Sisi wahariri tunajua kamati itafungua sura ya kwanza na sura ya mwisho, na tunazing'arisha hizo. Sura ya saba ndiyo ukweli.

La pili. Tangu 2003, elimu ya msingi ilipokuwa bure, shule zetu zilikuwa na kamati za kuchagua vitabu. KICD, taasisi yetu ya mitaala, wakati huo bado ikiitwa KIE, iliidhinisha vitabu kadhaa kwa kila somo, vikaorodheshwa kwenye kile kitabu cha rangi ya machungwa, na kila shule ikachagua na kununua dukani kwa pesa ya mgao. Walimu walikuwa na sauti. Pia kulikuwa na wakuu wa shule waliokula na wenye maduka, na kabati za shule zilizokuwa na vitabu kwenye karatasi pekee. Tangu 2018 serikali inanunua moja kwa moja kutoka kwa mchapishaji aliyeshinda, kitabu kimoja kwa somo, kinaletwa mpaka shuleni. Bei ilishuka sana na watoto wakapata vitabu. Wenye maduka ya vitabu walilia machozi, na wengine walifunga. Ukiniuliza ipi bora, nitakujibu kama mzazi kwamba ya sasa, na kama mhariri kwamba ya zamani. Mchapishaji aliyeshindwa zabuni leo hana soko la somo hilo hadi mzunguko ujao, basi naye hana sababu ya kuweka mwandishi mzuri.

---

Takwimu Tu

Mhariri, Busia naijua, nilikuwa naiweka akiba. Ila jibu na hili: Tusome, ule mpango wenu wa Kenya wa kufundisha kusoma, ilifanikiwa vipi kwa vitabu hivyohivyo vya serikali?

---

Mhariri wa Nairobi

Havikuwa hivyohivyo. Tusome ilianza 2015 darasa la kwanza na la pili, Kiswahili na Kiingereza, kila mtoto kitabu chake mkononi. Mwalimu alipewa mwongozo wenye somo la kila siku, na afisa wa kumsaidia, yule CSO, alikuja darasani na tableti, akasikiliza watoto wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu. Kabla ya hapo walishajaribu kwa mafungu wakaona: mafunzo peke yake yalisaidia kidogo, ukiongeza kitabu kwa kila mtoto yakasaidia zaidi, na ukiongeza mwongozo wa mwalimu ndipo thamani ya shilingi ilipoonekana hasa.

Mwongozo wenyewe ulikuwa mwembamba. Mwalimu aliweza kuushika kwa mkono mmoja huku mwingine unaandika ubaoni. Nikisikia habari ya juzuu za Ohio nacheka.

---

Ticha wa Kilosa

Nafundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), darasa la kwanza na la pili. Mimi natetea kitabu kimoja, mnipige mawe.

Tulishakuwa na uhuru huo. Miaka ya 1990 serikali iliachia uchapishaji kwa kampuni binafsi, ikaundwa EMAC, kamati ya kutoa ithibati ya vitabu. Ruzuku ikaja, shule na halmashauri zikanunua. Ukienda shule tatu unakuta vitabu vitatu, na ukienda shule ya nne unakuta kimoja cha kila aina na hakuna kinachotosha darasa. Mpaka 2013 mbunge James Mbatia aliposimama bungeni kueleza madudu yaliyomo kwenye vitabu vyenye muhuri wa ithibati, EMAC ikavunjwa, kazi ikarudi TET. Sasa kuna kitabu kimoja cha kiada. Mtoto akihama Kilosa kwenda Mpwapwa anakuta ukurasa uleule. Mwalimu akihamishwa anafundisha kesho yake. Kikiwa na kosa, kosa ni la nchi nzima, najua, lakini pia linaonekana na nchi nzima.

Na huko kuchagua kwenu kuna anasa moja: mnachagua vitabu ambavyo vitatosha. Mimi nina kitabu kimoja kwa watoto watatu na wa katikati ndiye anayeona vizuri.

Halafu hayo mambo ya kukisia kwa picha yamenishangaza. Sisi mtoto anaanza na irabu, kisha ba be bi bo bu, anaunganisha, anasoma baba, anasoma babu. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti zaidi ya 40, ndiyo maana wanahangaika. Sasa mtu mwenye lugha ngumu namna hiyo ndiye angefundisha sauti kwa bidii zaidi, wao wakaamua mtoto abahatishe!

---

BabaWawili

Ticha umeua. Ila kwenye kitabu kimoja sikubali. Wanangu wako shule ya mchepuo wa Kiingereza, wanatumia cha TET na vya ziada, na nasema kweli vya ziada ndivyo vinavyowafundisha.

---

Ticha wa Kilosa

Wanao wana vya ziada kwa sababu una pesa ya kununua vya ziada, bwana. Na cha ziada nacho kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na Kamishna wa Elimu, uliwahi kuangalia ukurasa wa ndani kama imeandikwa hivyo?

---

BabaWawili

Sijawahi. Nikifika nyumbani naangalia.

---

Mama Furaha

Jambo kwenu wote. Miye niko Kentucky. Nilitoka Fizi, Kongo, tukakaa miaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha Kongo na cha Kigoma, mtanivumilia.

Mtoto wangu yuko darasa la nne. Hesabu anajua, toka kambini alikuwa anawashinda wakubwa. Hapa analeta karatasi na alama nyekundu. Nikaketi naye. Swali linasema mama fulani ana kuponi, maziwa ni galoni, anamimina kwenye vikombe vya pinti, abakize ngapi. Mtoto kugawanya anajua. Galoni hajui, kwetu ni lita. Kuponi hajui. Akaandika sifuri. Mwalimu akaniambia kwa simu kwamba mtoto yuko nyuma kwa hesabu.

Sasa naona ninyi mnachagua vitabu na kuna wazazi kwenye kamati. Miye sikujua mzazi anaweza kuketi hapo. Ni mzazi gani? Anayejua Kiingereza tu?

---

Chaki Nyeupe

Mama Furaha, karibu sana, na swali lako ndilo zito kuliko yote humu.

Kwenye kamati yetu wazazi walikuwa wale wenye muda saa kumi jioni na wenye Kiingereza. Hakuna aliyekatazwa, ila tangazo lilitoka kwa barua pepe ya Kiingereza. Kwa hiyo jibu la kweli ni ndiyo, anayejua Kiingereza tu. Kwenye hisabati nimeshadai tangazo litoke kwa Kisomali, Kiswahili na Kihispania, na mkalimani awepo. Huo si ukarimu wa wilaya. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1974, kesi ya Lau dhidi ya Nichols, ya watoto Wachina wa San Francisco, kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si kumpa haki sawa. Na shule inayopokea pesa za serikali inatakiwa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa. Ukienda, usimtumie mtoto akutafsirie. Omba mkalimani, ni bure kwako.

Pia una haki ya kuomba kuona vitabu na vifaa anavyofundishiwa mwanao, iko kwenye sheria ya nchi nzima. Ukiomba kwa maandishi watakujibu haraka zaidi kuliko kwa simu.

Kuhusu galoni: hicho ni kipimo ninachokiongeza kwenye fomu yetu. Nitachukua maswali ya maneno ya wiki mbili, nifute namba zote, kisha nimuulize mwalimu wa wanaojifunza Kiingereza mtoto anahitaji kujua vitu gani vya Marekani kabla hajaanza kukokotoa. Wakia, pauni, futi, mchezo wa besiboli, dime na nikeli. Kuvifundisha ni sawa, atavihitaji hapa. Kumpa alama ya hesabu kwa kutovijua si sawa. Programu nzuri inaweka picha au mchoro wa kikombe na galoni pembeni na kumwacha mtoto na hesabu ileile ya wenzake. Mbaya inampa karatasi ya "kiwango cha chini" yenye hesabu za darasa la pili, na ndivyo anavyobaki nyuma kweli.

---

Takwimu Tu

Kwa hilo nakubali bila kelele. Ni Busia ileile, imehamia Kentucky.

Nikuongezee swali la kumbana muuzaji. Atakuonyesha utafiti. Sheria ya elimu ya 2015 huko kwenu imepanga ushahidi kwa ngazi nne, na ya nne ni kuwa na hoja tu ya kwa nini kitu kingefaa. Kila mwenye kalamu anaifikia hiyo. Muulize: mliipima programu hii yenyewe, toleo hili, dhidi ya nini, na nani alilipa? Ukiona anakuonyesha grafu ya shule moja iliyopanda bila shule ya kulinganisha nayo, kusanya vitabu vyako.

---

Jongoo wa Mbeya

Mwanzisha uzi, hujamalizia. Mlichagua ipi na imefanya kazi?

---

Chaki Nyeupe

Jina silitaji, mtasema nimelipwa. Mbili za mwisho tulizijaribu kwenye madarasa ya shule tofauti kwa wiki kadhaa, kila darasa moja. Yenye mwongozo mwembamba ilishinda kwa walimu. Yenye mtandao mzuri ilipendwa na makao makuu. Kura ya kamati ilielemea nyembamba, bodi ikapitisha kwa kusuasua baada ya mzazi mmoja kulalamika hadithi zake ni kavu. Na ni kavu kweli. Hadithi ya kumfundisha mtoto sauti tano haiwezi kuwa ya Shaaban Robert. Tukaweka saa ya mwalimu kuwasomea watoto vitabu vizuri kwa sauti, hapo ndipo utamu na msamiati vinapoingia.

Imefanya kazi? Kwenye darasa langu nafunika picha na watoto wanasoma. Kwa wilaya nzima siwezi kuwadanganya, mwaka wa kwanza ulikuwa wa kuchanganyikiwa. Kilichosaidia ni mkufunzi aliyekuja darasani. Kisichosaidia ni siku mbili za Agosti ukumbini, mtu anasoma slaidi. Shule ambayo mkuu wake hakuruhusu walimu wakutane kupanga pamoja bado inafundisha vya zamani, vitabu vipya viko kwenye plastiki. Nimeviona.

---

BabaWawili

Na hivyo vya zamani vya kukisia vimeenda wapi? Vingi hivyo.

---

Chaki Nyeupe

Viko stoo, kwenye mbao za mizigo, mpaka darini. Bodi ikivitangaza kuwa havihitajiki tena vinauzwa kwa bei ya kutupa au vinasagwa. Kuna watu wa hapa wenye moyo mzuri wameniuliza kama naweza kuwasaidia kupakia kontena lije Tanzania. Nilitaka niwaulize humu kabla sijawajibu.

---

Ticha wa Kilosa

Usilete.

Shule ya jirani yetu ina chumba kizima cha vitabu vya namna hiyo vilivyokuja na kontena. Theluji, kiboga chenye macho, mtoto na basi la njano. Darasa la kwanza na la pili tunafundisha kusoma kwa Kiswahili, sasa hivyo vya Kiingereza vya kubahatisha nimpe nani? Mwalimu mkuu hawezi kuvitupa, ni msaada, kuna picha ya makabidhiano ukutani. Chumba hicho kingekuwa darasa, sisi tuna watoto wanakaa chini ya mwembe.

Hao wenye moyo mzuri waambie nauli ya kontena pekee inachapisha vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vyembamba, vya silabi, karatasi ya kawaida tu, rangi si lazima. Vichapishwe hapahapa Dar. Kisha waje wauone ubao wangu kabla ya kuchagua hadithi.

---

Chaki Nyeupe

Nimenakili ulivyoandika, neno kwa neno. Nawatafsiria leo jioni.